Walimwambia Mkwe Wangu

Sikio langu la kushoto limekufa. La kulia linafanya kazi ya mawili, na jioni huwa limechoka. Naanza na hilo kwa sababu watu wakinikuta sokoni huniuliza kama kifua kimepona. Nikisema kimepona, wanamshukuru Mungu na kwenda zao, wakidhani yamekwisha. Kwangu hayajaisha. Nina hasira, na nimeamua kuandika kabla haijapoa, kwa ajili ya mtu mmoja ambaye simjui: yule aliyeketi leo kwenye benchi la kliniki ya kifua, ana mvi kama mimi, na nesi anazungumza na kijana aliyemleta badala ya kuzungumza naye.

Mimi ni Mama Kabula. Nilizaliwa Didia, nikaolewa, nikafiwa na mume, nikabaki na binti mmoja, huyo Kabula. Kwa miaka mingi nimepika chakula kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Geita. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya jioni ya watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni, na hadi leo nasoma polepole, lakini nikisoma nimesoma.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Asubuhi wachimbaji wanapita bandani kwangu wakielekea kwenye maduara, yale mashimo wanayoshukia kwa kamba, na kila mmoja anaacha agizo lake la mchana. Siandiki. Narudia agizo kwa sauti mbele ya mwenyewe: “Maganga, ugali, sato kipande cha mkia, pilipili pembeni.” Akiitikia, limeingia. Anafuata mwingine. Mchana wanatoka na vumbi hadi kwenye kope, na kila mtu anakuta sahani yake. Nilijua nani hali dagaa, nani amefunga, nani tumbo lilimsumbua jana na leo anahitaji uji. Walikuwa watu arobaini, na siku za neema walizidi. Naomba msomaji aishike idadi hiyo, maana huko mbele kuna mtu atasema sina kichwa cha kukumbuka.

Kikohozi kilianza kiangazi, mwaka ule wa kuelekea mvua za Elinino. Nilikilaumu vumbi, kisha moshi, kisha baridi ya alfajiri. Nilikunywa dawa za chupa za dukani, nikanywa na za mizizi. Khanga niliyokuwa nikiizungusha kiunoni mara moja ikaanza kuzunguka mara mbili. Nikilala naamka nimelowa jasho. Wateja wakaanza kuchukua sahani na kwenda kula mbali na banda, kwa adabu, wakisema wanafuata kivuli. Nami nilijua kivuli kilikuwa bandani kwangu.

Kabula alikuja akaniona, akalia, akanibeba kwenda nyumbani kwake, kijiji kimoja cha wakulima wa mpunga, mbali kidogo na mji. Mji siutaji, wala kliniki siitaji, kwa kuwa nilitendewa mema pia pale. Tukakubaliana kwamba yeye arudi machimboni kushika banda, la sivyo lingechukuliwa na mwingine, na mumewe, Makoye, anipeleke kliniki.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasio Wasukuma. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hatuli pamoja. Hatutazamani usoni. Akinikuta njiani anapinda kidogo, nami napinda. Hatakiwi kuniona nikitafuna. Mambo ya mwili ndiyo kabisa, hayatajwi baina yetu hata kwa mafumbo. Siku hizi wako wanaolegeza, lakini mimi sikuwa mmoja wao. Makoye alipooa alipita karibu nikila michembe, vile viazi vilivyokaushwa, nikampelekea ujumbe kwa mkewe kwamba nyumbani kwao hawakumfunza. Tangu siku hiyo aliniheshimu kwa hofu. Hiyo heshima niliidai mwenyewe, na sitamsingizia mtu.

Kliniki ilikuwa na mabenchi mawili na watu wa mabenchi sita. Kila wiki nesi alitoa somo kwanza, kabla ya kuona wagonjwa. Alisimama mlangoni akasema haraka haraka, huku mwenzake dirishani akiita majina ya waliokuja kuchukua majibu ya makohozi. Sasa wewe uliyefika alfajiri, na ukikosa kuitikia jina lako kadi inarudi chini kabisa, utasikiliza somo au utasikiliza jina? Mimi nilisikiliza jina. Ukutani kulikuwa na bango la maelezo, limebandikwa juu ya mlango, herufi ndogo ndogo. Nililitazama hadi shingo ikauma. Halafu wanasema wazee hatuzingatii.

Nilipoitwa, nesi hakunitazama. Alimtazama Makoye, aliyesimama mbali nami hatua kadhaa kama inavyompasa.

“Huyu bibi umemleta wewe?” aliuliza. Makoye akasema ndiyo, yeye ni mkwe. “Vizuri. Basi njoo wewe hapa mezani nikueleze. Hawa wazee ukiwaambia leo, kesho wamesahau. Wewe ndiye utakayekuwa msimamizi wake.”

Alisema hivyo nikiwa pale, na kikohozi changu, na kichwa changu cha sahani arobaini. Nilitaka kujibu, kikohozi kikanishika. Kilipotulia, Makoye alikuwa tayari ameinama mezani akielezwa. Nilisikia mvumo tu. Nilimwona akitazama sakafu, akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, na wakati fulani akageuza uso kabisa kuelekea dirishani. Sikujua kwa nini. Niliona tu kijana aliyefadhaika, nikadhani ni njaa.

Kwenye kadi yangu waliandika jina lake kuwa msimamizi wa dawa. Kazi ya msimamizi, baadaye nilikuja kuisoma mwenyewe, ni kumtazama mgonjwa akimeza. Yaani walimchagua mtu pekee katika nchi nzima ya Usukuma ambaye hakuruhusiwa kuniona nikifungua kinywa. Mimi nilijua, Makoye alijua, na hakuna aliyesema. Nesi angetuuliza angejua pia.

Walinijengea kibanda pembeni ya boma, mlango ukitazama upande mwingine, ili tusikutane ovyo. Kila asubuhi Makoye alikuja hadi pembeni ya mlango.

“Mwangaluka, mayu,” ananiamkia, yaani umeamkaje, mama.

Naitikia. Anaweka vidonge juu ya kigoda, ndani ya kifuniko cha bati, na maji kikombe kimoja. Kisha ananipa mgongo na kutazama mpunga wake. Anangoja hadi asikie kikombe kikigonga kigoda. Hapo anatia alama kwenye kadi na kuondoka, bado hajageuka. Alikuwa mwaminifu, hakukosa asubuhi hata moja. Kadi ile ilijaa alama safi, moja kwa kila siku, na ukiitazama utasema hakuna mgonjwa aliyetunzwa kama mimi.

Asubuhi ya tatu nilikwenda kumwaga kopo la mkojo, nikaona mkojo ni mwekundu.

Nilikaa chini pale pale. Kumbukumbu iliyonijia haikuwa ya jana. Didia, zamani, watoto waliooga madimbwini walikojoa damu, na redio ya jirani yetu ilikuwa ikisema juu ya kichocho: ukiona wekundu kwenye mkojo ujue ndani kuna kidonda, usidharau. Maneno hayo niliyasikia nikiwa msichana ambaye hajaolewa, na nilikuwa nayo yote, hadi sauti ya mtangazaji. Nikaona mambo yako wazi. Dawa zile kubwa zilikuwa zimenichana ndani. Mkitaka kujua kumbukumbu ya mzee ikoje, ndiyo hiyo. Nilikumbuka sana. Lililokosekana lilikuwa neno moja jipya la kuweka juu ya lile la zamani, na hilo neno alikuwa nalo mwanamume aliyekuwa anatazama mpunga.

Ningemuuliza nani? Kabula alikuwa machimboni, anakuja mara moja kwa mwezi, na akija nilimficha asije akaliacha banda. Nesi alikuwa ameshasema nasahau, ningemwendea na habari ya kukojoa damu angesema nimechanganyikiwa pia. Makoye? Ningeanza vipi, nitaje mkojo mbele ya mkwe?

Nikajitengenezea utaratibu wangu. Nilimeza hadi mkojo uwe mwekundu, kisha nikaacha hadi usafike, kisha nikarudia. Niliona ni busara, kama mtu anayepunguza moto chungu kisiungue. Siku za kutomeza nilifunga vidonge kwenye pindo la khanga, nikanywa maji, nikagonga kikombe. Baadaye nilivichimbia kwenye ua wa minyaa. Ukiwa na ugonjwa huu wa kifua kikuu, naomba unisikie hapa: utaratibu huo ndio uliokaribia kuniua. Dawa zile ukizimeza kwa kurukaruka, ugonjwa unazizoea.

Mvua zikaja, na zilikuja zile zinazosimuliwa hadi leo. Mpunga ukazama, daraja likaondoka, gari halikupita. Siku ya kurudi kliniki ilifika ikapita. Makoye alitembea kwenye maji hadi kiunoni akaleta dawa nyingine, akaziweka kwenye kigoda, akanipa mgongo. Niliona suruali yake imejaa tope, nikavichukua vile vidonge alivyovihangaikia na kuvifunga kwenye pindo. Hilo linanichoma kuliko mengi. Nikimkasirikia, nakumbuka lile tope, halafu nakasirika tena.

Mvua zilipokatika Kabula alifika. Nilikuwa nimebaki mifupa, mashimo ya mabega yangeshika maji ya mvua. Nilikohoa mbele yake damu, safari hii damu kweli. Walinilaza kwenye baiskeli, kisha kwenye lori la mpunga, nikarudi kwenye benchi lile lile.

Pale nilimkuta Mama Salim. Familia yao ina duka la nguo na nafaka mjini, wazee wao walitoka India zamani, na yeye alizaliwa hapo hapo nyuma ya duka. Nilikuwa nikinunua kwake mchele wa banda miaka na miaka bila kumwona amekaa mahali pa kungoja kitu. Sasa alikuwa amekaa, amejifunika mtandio mdomoni, na mapajani ana bahasha. Alinisalimu, akaniuliza niko mwezi wa ngapi wa dawa. Nikamwambia nilikuwa nimeanza, lakini dawa zimenichana, nikakojoa wekundu, ikabidi nipunguze.

Alishusha mtandio.

“Mama Kabula,” alisema, “hukuambiwa? Ni rangi ya dawa. Mimi nakojoa wekundu tangu siku ya kwanza.”

Alifungua bahasha. Mjukuu wake aliyeko Uingereza alikuwa amezitoa karatasi kwenye kompyuta, kwenye huo mtandao unaosemwa, akazituma kwa posta. Kurasa kumi na nne za Kiingereza. Alisema siku karatasi zilipofika, nyumba nzima ilikusanyika, Salim akazisoma na kuzitafsiri mbio kama anayesoma bei za vitambaa, vijana wakasema tumeelewa. Baada ya wiki aliwauliza. Hakuna aliyekumbuka hata moja, maana hakuna aliyekuwa mgonjwa. Yeye alimwambia mwanawe: achana na kumi na nne, nisomee yanayonihusu mimi tu, nisomee tena, kisha nisikilize nikiyasema. Alibaki na matatu. Mkojo utakuwa mwekundu, si kitu. Macho yakiwa manjano, kimbia hospitali. Usiruke hata siku moja ingawa umepona.

“Haya matatu,” alisema akiipiga bahasha, “yamenitosha. Hizi zingine wafungie vitumbua.”

Nilicheka, nikakohoa, halafu hasira ikapanda. Neno lile lilikuwa limetoka Uingereza, likavuka bahari, likapita posta, likamfikia bibi wa duka. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwa mtu aliyelijua, na halikunifikia.

Nilikwenda mezani bila kuitwa. Nikamuuliza yule nesi kwa nini hakuniambia.

“Lakini bibi, tulimwambia kijana wako,” alijibu, na kwa kweli alishangaa.

Makoye alikuwa mlangoni. Sote tuligeuka kumtazama, hata mimi, kinyume cha desturi. Jasho lilimtoka, akatoka nje.

Jioni ile Kabula alimbana uani, nami nikiwa kibandani nikasikia kila neno, wakati huo bado nina masikio mawili. Alimuuliza kama aliambiwa. Akasema aliambiwa. Mbona hakusema?

“Ningeanzaje, Kabula? Nimtajie mama mkojo?” alisema. “Nilitaka nikwambie wewe umwambie. Ulipokuja ile mara ya kwanza, nilikuwa nimeshasahau.”

Alikuwa kijana wa miaka thelathini. Alikumbuka idadi ya vidonge, rangi zake, tarehe ya kurudi, na bei ya mpunga ya miaka mitatu. Neno lile moja alilipokea akiwa ameona aibu, uso dirishani, na hakuwa na mahali pa kulitoa. Neno usiloweza kulisema halikai. Nesi alipima umri akadhani amepima kichwa. Kabula alirudi machimboni bila kumuaga mumewe, na hadi pamba ilipovunwa walikuwa wakizungumza kupitia kwangu, mimi niliyekuwa mgonjwa.

Dawa za pili zilikuwa na sindano. Kila siku, miezi miwili, na nilazwe kwanza. Nilipopelekwa wodini yule yule nesi alikuja na kadi mpya, akaanza kutafuta kwa macho ni nani amenisindikiza.

“Hakuna,” nilimwambia. “Niambie mimi.”

Alisema mambo ni mengi safari hii, je, nitayashika? Nikamwambia ayaseme moja moja, na baada ya kila moja anyamaze. Akayasema. Sindano asubuhi kabla ya chai. Vidonge mbele ya nesi, kinywa wazi. Mkojo mwekundu, si damu. Macho ya manjano, niseme. Ganzi miguuni, niseme. Kizunguzungu au kelele masikioni, niseme siku hiyo hiyo, nisingoje kesho. Makohozi tena baada ya miezi mitatu.

Nikavuta pumzi, na kwa sauti ya bandani nikamrudishia yote, kwa mpangilio wake, na nikaongeza jina lake mwanzoni kama ninavyofanya kwa mteja. Mama mmoja kitandani alisema polepole, “Wabeja, mayu,” ahsante, kwa kuwa naye alikuwa ameyasikia kwa mara ya kwanza. Nesi hakunisifu na hakuomba radhi. Lakini kesho yake nilimwona akimwambia mzee wa kitanda cha mwisho jambo la dawa zake, kisha akasema, “Haya, nirudishie.” Kama aliendelea hivyo nilipotoka, siwezi kuapa.

Sindano zile zinauma, sitawadanganya. Makalio yalikuwa magumu, nikawa nakaa upande mmoja, nalala upande mmoja. Wiki ya pili homa ikaacha kuja jioni. Wiki ya tatu niliamka na njaa, njaa ya kweli, nikalia kwa sababu nilikuwa nimeisahau ilivyo. Mama Salim, ambaye sasa alikuwa anakuja kuchukua vidonge vyake tu, aliniletea uji wa maziwa kwenye chupa ya chai na kukaa nami hadi niumalize, akinitazama kila funda. Alikuwa msimamizi bora kuliko wote, na hakuandikwa kwenye kadi yoyote.

Wiki ya sita kelele ikaanza. Sikio la kushoto lililia kama karasha, ile mashine ya kusaga mawe machimboni, ikiwa mbali lakini haizimwi. Nilikumbuka: siku hiyo hiyo, nisingoje kesho. Nikamwita nesi kabla hajamaliza kutundika koti. Daktari akaja, sindano zikasimamishwa asubuhi ile ile. Sikio la kushoto halikurudi. Ndani ya wiki lilizima, kelele ikabaki ndani yake peke yake, na nikiandika haya inalia. La kulia lilibaki. Daktari alisema ningengoja siku chache tu, yangekwenda yote mawili.

Fikirini basi. Neno nililoambiwa mimi mwenyewe, nikalirudia, liliniokolea sikio moja. Neno alilopewa mtu mwingine kwa ajili yangu lilinigharimu sikio la pili, maana ningemeza vile vidonge vya kwanza sawasawa, sindano nisingezijua. Na ilikuwa kliniki ile ile, na nesi yule yule.

Sisemi uzee haupo. Nasahau nilipoweka ufunguo. Naita wajukuu wote kwa zamu hadi nifike kwa ninayemtaka. Mkinisomea kurasa kumi na nne mkikimbia, nitabaki na salamu tu. Lakini msinipite. Niambieni machache, taratibu, mbele ya uso wangu, na mningoje niyarudishe. Na wewe mwenzangu wa benchini, wakianza kumweleza kijana wako, simama. Kohoa kama ni lazima. Sema ni kifua chako.

Nilipona msimu wa pamba wa mwaka uliofuata. Makohozi yalikuwa safi mara tatu. Nilirudi bandani, na wachimbaji wameshazoea: agizo linatolewa upande wa kulia. Wapya wakikosea, wa zamani wanawavuta mkono.

Kabula na Makoye walipatana. Mimi na Makoye tulibaki tulivyokuwa, yeye anapinda njiani na mimi napinda, na baina yetu kimya ambacho sasa hakikuwa heshima tena. Nilimkasirikia na sikuwa na njia ya kumwambia, kwa sababu hata ugomvi unataka watu wanaoweza kutazamana.

Msimu huu wa mavuno nilikwenda kwao kula mpunga mpya. Nilikuwa nimekaa nje ya kile kibanda changu mchana, nachambua karanga. Kivuli kikanijia. Makoye alikuwa amebeba kigoda. Alikiweka chini karibu nami, akakaa, akanigeuzia uso. Katika miaka yote ya ukwe sikuwahi kuyaona macho yake, na ni ya kahawia, yana utando wa vumbi la mpunga. Nikaona midomo yake inacheza. Alisema jambo refu kidogo, akanyamaza, akangoja.

Sikusikia hata neno. Alikuwa amekaa kushoto kwangu. Hakuwahi kunikaribia kiasi cha kujua ni sikio lipi lililokufa.

Ningeweza kutikisa kichwa tu. Ni mkwe, ameshaaibika vya kutosha, na lile lililomtoa jasho ameshalitoa. Nilifikiri hivyo kwa muda mfupi sana.

“Hamia upande huu,” nilimwambia, nikimwonyesha kulia. “Useme tena.”

Alichukua kigoda. Akazunguka, akakaa. Mikono aliibana katikati ya magoti.

“Mayu,” alisema, “dawa hizo zitaufanya mkojo wako uwe mwekundu. Si damu. Usiache kumeza.”

Niliziweka karanga chini. Nikamrudishia kwa sauti ya bandani, nikimtazama usoni: “Makoye. Mkojo mwekundu. Si damu. Nisiache kumeza.”

Akaitikia.